Tumkumbuke Alivyokuwa, Si Alivyodhaniwa

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkusanyiko wa kumkumbuka mwenzetu tuliyesoma naye sekondari. Nimeinyoosha kidogo na kurudisha sehemu nilizoziruka siku ile kwa kubanwa na muda. Kwa ombi la familia, jina lake halimo humu.

Mama, Baba, dada wa marehemu, walimu wetu mliojitahidi kufika, na nyinyi wote tuliosoma pamoja: wakubwa shikamooni, wengine habari za siku nyingi.

Anayeongoza shughuli hii ananifahamu tangu shuleni, anajua nikipewa nafasi ya kusema sishuki, na ameshaniahidi kunikatiza. Kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye jambo lililonisimamisha hapa.

Tangu habari za msiba zitufikie nimesoma rambirambi zenu karibu zote. Zimejaa upendo. Ila kuna kauli moja inajirudia, kila mtu kaiandika kwa namna yake: "Angefika mbali." Mwingine anasema kipaji kikubwa kimezikwa. Mwingine, na huyu alilala naye bweni moja, ameandika kwamba dunia haikupata nafasi ya kumwona. Nazielewa kauli hizo, maana aliyefiwa husema kinachomjia. Hata hivyo nina ugomvi nazo, na nimeona afadhali niuseme hapa, mbele ya watu waliomjua na wanaoweza kunikatalia.

"Angefika mbali" inamsifu mtu ambaye hakuwahi kuishi. Tumeshamtengeneza profesa, tumempa chuo, tumempa na tuzo, halafu tunakaa kumlilia huyo. Yule aliyekaa dawati la mbele upande wa dirishani, aliyekuwa na mwandiko mdogo kiasi kwamba walimu walimwomba auongeze ukubwa, anabaki hana wa kumzungumzia. Na kauli hiyo ina ubaya mwingine wa chini kwa chini: inamaanisha kwamba aliyoyafanya hayakutosha. Alifanya kazi ya kuweka hesabu za ofisi mpaka alipougua. Jioni alifundisha watoto wa watu. Usiku alikaa na hesabu zake. Kwa baadhi yetu, eti huko ndiko "kupotea kwa kipaji". Mama yake amekaa pale anatusikiliza. Sidhani kama yeye aliona kitu chochote kimepotea katika miaka ile.

Basi acheni nieleze nilichokiona mimi.

Tulikuwa kidato cha kwanza, kipindi cha hesabu baada ya mapumziko, darasa limechoka. Mwalimu alituandikia ubaoni tujumlishe namba witiri: 1, 3, 5, 7, tuendelee hivyo hivyo mpaka witiri ya ishirini. Sote tukainama tukaanza kujumlisha. Mnakumbuka tulivyokuwa, nusu ya darasa ilikuwa inasubiri jibu la jirani. Yeye hakujumlisha. Alichora nukta moja kwenye kona ya karatasi. Akaiongezea nukta tatu: moja kulia kwake, moja chini yake, na moja ya kuziba kona. Zikawa nne, mraba. Akaongeza tano: mbili upande wa kulia, mbili chini, moja kwenye kona. Zikawa tisa, mraba tena. Akaongeza saba, zikawa kumi na sita. Akanisukumia karatasi akasema, "Kila witiri inayofuata inatosha kuushonea mraba kanzu mpya. Kwa hiyo witiri ishirini ni ishirini mara ishirini. Mia nne. Andika tupumzike."

Niliandika. Lakini sikupumzika, kwa sababu nilibaki naiangalia ile karatasi. Nilikuwa najua kujumlisha tangu utotoni, na hakuna siku niliyowahi kufikiri kwamba jumla inaweza kuonekana kwa macho.

Sehemu ninayoipenda zaidi ndiyo inayofuata. Mwalimu alipoiona alifurahi, akamwambia kwamba Wagiriki wa kale walikwisha kuliona hilo zaidi ya miaka 2000 iliyopita, wakipanga vijiwe chini. Mimi kwa upande wangu nilimsikitikia. Nilidhani ataona amenyang'anywa. Badala yake aliuliza, "Walitumia vijiwe vya namna gani?" Mwalimu akacheka, akasema hajui. Njia nzima ya kurudi bwenini alikuwa akizungumza juu ya hao watu wa vijiwe kana kwamba ni wanafunzi wa mkondo wa B. Alikuwa amepata wenzake wa kufikiri nao. Suala la nani alitangulia halikumgusa hata kidogo, na ninaposikia watu wanampima kwa tuzo ambazo hakuzipata, nalikumbuka swali lile la vijiwe.

Sasa niingie kwenye uongo wa pili tunaomzushia, huu tunauzusha kwa kumpenda. Tunasema: "Yule alikuwa hasomi, anaelewa tu." Nimeusikia tena asubuhi hii mlangoni. Samahani, lakini mimi nilikuwa nakaa naye. Alikuwa anasoma kuliko sisi sote, ila hakuwa anasoma tunapoonekana tunasoma. Madaftari yake yapo, nitayafikia. Alikuwa hafuti. Akikosea anapiga mstari mmoja juu ya kazi ili iendelee kusomeka, halafu pembeni anaandika kwa nini imeshindikana. "Hapa nimegawanya kwa sifuri bila kujua." "Hapa nimedhani kinachohitaji kuthibitishwa." Mahali pengine ameandika maneno mawili tu, "njia imekufa", na tarehe. Kuna swali moja la jiometri lina njia zilizokufa kurasa tatu mfululizo kabla ya jibu la mistari minne. Sisi tuliletewa ile mistari minne asubuhi, tukasema ana kipaji.

Kipaji alikuwa nacho, sikatai. Lakini tukimaliza yote kwa neno hilo tunafuta zile kurasa tatu, na zile kurasa ndizo alizozifanya yeye. Kipaji alipewa.

Hili halikuanza na yeye. Nataka niwape habari ya kijana mmoja wa Ufaransa, Évariste Galois, kwa sababu marehemu mwenyewe ndiye aliyenisimulia mara ya kwanza, na pia kwa sababu ndani yake kuna rafiki wa shule ambaye watu wengi hawamtaji.

Galois alizaliwa Oktoba 1811. Alifariki tarehe 31 Mei 1832, akiwa na miaka 20, kwa jeraha la risasi alilolipata siku iliyotangulia katika pambano la bastola la watu wawili. Usiku wa kuamkia pambano alimwandikia barua rafiki yake waliyesoma naye, Auguste Chevalier, akimweleza mambo aliyoyagundua katika hisabati. Kutokana na barua hiyo ikazaliwa ngano tamu sana: kwamba kijana aliyekuwa anajua atakufa alfajiri alikaa usiku mmoja akaiandika nadharia nzima, karatasi baada ya karatasi, mpaka kukakucha. Ukiisikia unasisimka. Lakini haiko hivyo. Kazi yenyewe alikuwa ameihangaikia kwa miaka. Alikwisha kuipeleka kwenye Akademia ya Sayansi ya Paris zaidi ya mara moja, na andiko la 1831 lilirudishwa na maelezo kwamba hoja zake hazieleweki vya kutosha. Usiku ule alikuwa anapanga, anasahihisha, anafupisha. Pembeni mwa andiko mojawapo aliandika kwamba kuna kitu cha kukamilisha katika uthibitisho ule, na kwamba hana muda.

Mnaona ngano inavyofanya? Inaondoa miaka ya jasho inaweka usiku wa miujiza. Ni "alikuwa hasomi, anaelewa tu" ile ile, imevaa nguo za Kifaransa.

Na alichokuwa anakishughulikia hakikuwa kidogo. Wote hapa mlikaririshwa ile kanuni ya kutatua mlinganyo wenye x kwa kipeo cha pili. Wengine bado inawatokea ndotoni. Kwa kipeo cha tatu na cha nne kuna kanuni pia, zilipatikana Italia katika karne ya 16. Kwa kipeo cha tano watu wakatafuta, wakatafuta, karibu miaka 300. Mwaka 1824 kijana wa Norwe, Niels Henrik Abel, akathibitisha kwamba kanuni ya jumla ya namna ile haipo kabisa. Galois akaja na swali la ndani zaidi: kama baadhi ya milinganyo inatatulika hivyo na mingine haitatuliki, ni kitu gani kinachoitenganisha? Akajibu kwa kuangalia namna majibu ya mlinganyo yanavyoweza kubadilishana nafasi bila kuvuruga uhusiano uliopo kati yake. Marehemu alinieleza hili kwa kuwahamisha wanafunzi viti darasani. Nilielewa kwa siku mbili hivi, halafu likapotea. Msiniulize baadaye.

Turudi kwa Chevalier. Barua ilimwomba awaombe hadharani wanahisabati wawili wakubwa wa Ujerumani, Jacobi au Gauss, watoe maoni juu ya uzito wa yale matokeo. Fikirieni hali yake. Rafiki amekufa kwa bastola akiwa na miaka 20. Amekuachia karatasi zilizokwisha kukataliwa, zenye mwandiko wa haraka na makato. Wewe si mwanahisabati wa kiwango chake na unalijua hilo. Ungeweza kuziweka sandukuni ukazitoa kila mwaka ukalia nazo. Chevalier hakufanya hivyo. Barua ilichapishwa jaridani Septemba mwaka ule ule, na yeye akaandika wasifu wa rafiki yake. Halafu, kwa kushirikiana na ndugu yake Galois, akaanza kazi ya kunakili: kukaa chini na kuandika upya, herufi kwa herufi, hisabati ambayo huenda yeye mwenyewe hakuifuata yote. Nakala zikafikishwa kwa wanahisabati. Miaka ikapita kimya. Mwishowe zikamfikia Joseph Liouville, akazisoma kwa uvumilivu, na mwaka 1846 akazichapisha kwenye jarida lake. Miaka 14 baada ya mazishi.

Leo nadharia ile inafundishwa vyuo vikuu vya dunia nzima kwa jina la Galois, na sawa, ni yake. Lakini bila rafiki aliyenakili, nani angeijua? Sifa ya Chevalier kwangu ni kwamba hakukaa kusema rafiki yangu angefika mbali. Alichukua kalamu.

Na kwa walimu wetu, nisije nikaonekana nawasahau: Abel niliyemtaja alikufa kwa kifua kikuu tarehe 6 Aprili 1829, akiwa na miaka 26, na siku mbili baadaye rafiki yake wa Berlin akamwandikia kwamba kazi aliyokuwa akiitafuta imepatikana huko. Habari kama hiyo unaisoma unafunga kitabu. Aliyekusanya maandishi yake na kuyatoa mwaka 1839 ni Bernt Michael Holmboe. Huyo alikuwa mwalimu wake wa hisabati shuleni, yule yule aliyemgundua akiwa kijana mdogo. Mwalimu wangu, nimekuona umetikisa kichwa. Tutaongea.

Kuna habari nyingine sitaki niiache, kwa kuwa inawahusu watoto wa shule hasa, na nadhani wengine hapa tutajiona ndani yake.

Huko Uingereza, katika shule ya Sherborne, miaka ya 1920 ikielekea mwisho, alikuwapo mwanafunzi mmoja ambaye walimu walimchoka kwa uchafu wa kazi zake. Wino umemwagika, mwandiko hausomeki, majibu sahihi lakini njia haionekani. Anaitwa Alan Turing. Christopher Morcom alikuwa darasa moja mbele yake, naye alikuwa kinyume chake: kazi safi, makini, anapenda sayansi, anapenda kutazama nyota. Wakawa marafiki wa kemia na hesabu na darubini. Turing akaanza kujitahidi kuandika vizuri ili asionekane ovyo mbele ya mwenzake. Desemba 1929 walikwenda pamoja Cambridge kufanya mitihani ya ufadhili. Morcom akapata, Turing akakosa. Miezi miwili baadaye, tarehe 13 Februari 1930, Morcom akafariki. Alikuwa na miaka 18. Ulikuwa ugonjwa wa kifua kikuu cha ng'ombe, alioupata utotoni kupitia maziwa, na rafiki yake hakuwa akijua kwamba anaumwa kiasi hicho.

Turing akamwandikia mama yake mzazi siku chache baadaye. Sitaisoma barua, nawapa maana yake. Alisema anaamini watakutana tena mahali fulani, na kwamba huko kutakuwa na kazi ya kufanya pamoja, kama alivyoamini kwamba hapa duniani ilikuwapo. Kwa kuwa sasa ameachwa aifanye peke yake, hapaswi kumwangusha. Ataweka nguvu ile ile, hata kama hamu haitakuwa ile ile, kana kwamba mwenzake bado yupo.

Hebu liangalieni hilo la hamu. Kijana wa miaka 17 anakiri kwamba raha ya kazi imepungua, na bado anasema nguvu haitapungua. Hajipambi. Wala hasemi Morcom angekuwa nani. Anazungumzia kazi.

Na alimwandikia pia mama yake Morcom, akaomba picha ya rafiki yake, iwe inamkumbusha kufuata mfano wake. Yule mama akampa, akamkaribisha nyumbani, wakasafiri pamoja mpaka Gibraltar, na waliendelea kuandikiana kwa miaka. Familia ikaanzisha pale shuleni tuzo ya sayansi kwa jina la mtoto wao, na Turing akawa wa kwanza kuipata. Mwaka 1931 akaingia Cambridge. Mwaka 1936 akaandika lile andiko lake la mashine ya kufikirika inayofuata maagizo hatua kwa hatua, ambalo wanasayansi wa kompyuta wanalihesabu miongoni mwa misingi ya fani yao. Wapo wanaopenda kusema kwamba kifo cha Morcom ndicho kilichotuletea kompyuta. Mimi siungi mkono. Vifo havileti kitu, na nisingependa mtu amwambie mama yeyote kwamba mwanawe alikufa kwa faida. Ninachokiona ni kidogo zaidi na kinanitosha: mvulana mmoja aliyejifunza umakini kwa rafiki yake akaendelea kuwa makini baada ya rafiki kuondoka. Na aliyewaandikia wazazi wa marehemu hakungoja awe mtu mkubwa kwanza. Alikuwa bado mwanafunzi.

Wengine mtasema muda umepita mno, tumekuwa watu wazima, sasa ndiyo tunakumbuka mambo ya shule? William Gladstone, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza mara nne, alisoma na kijana aitwaye Arthur Hallam, aliyefariki ghafla mwaka 1833 akiwa na miaka 22. Mapema mwaka 1898 Gladstone, mzee wa miaka 88, akiwa amebakiza miezi michache ya maisha yake, alichapisha makala ya kumkumbuka. Kasimamia bajeti za taifa, kagombana na nusu ya bunge, na bado ana nafasi ya rafiki wa shule. Na Baba, hili nimelileta kwa ajili yako: baba mzazi wa Hallam alikuwa mwanahistoria, na mwaka 1834, mwaka mmoja tu baada ya msiba, alikusanya mashairi na makala za mwanawe akazichapa kwa ajili ya marafiki. Uliniuliza juzi kama si mapema mno kuyafungua yale madaftari. Sina jibu linalofaa kwa kila mzazi. Nakwambia tu kwamba yuko mzazi aliyeona kazi hiyo inambeba.

Sasa, kabla sijafika kwenye madaftari, nina deni. Nikisema tumkumbuke alivyokuwa, nikaishia kwenye nukta na witiri, nitakuwa nimefanya yale yale ninayoyalaumu. Kwa hiyo na haya yaingie kwenye kumbukumbu.

Hakuwa na subira. Ukimuuliza swali mara ya pili alijibu vizuri. Mara ya tatu alikuwa anakuangalia usoni muda mrefu kuliko inavyopendeza. Bikari yake haikuazimishwa kwa mtu, hata siku ya mtihani, na naona hapo nyuma kuna watu wanacheka kwa kuwa walinyimwa. Alimkosoa mwalimu ubaoni mbele ya mkaguzi, na alikuwa sahihi, na ilikuwa aibu kubwa vile vile. Hakuweza kuimba. Alichukia sana kusifiwa kwa kulinganishwa na mwingine, yaani ukimwambia "wewe unamzidi fulani" alihama mazungumzo. Na wakati mmoja alimfanya msichana wa darasa letu alie kwa kumwambia jibu lake halina hata harufu ya ukweli. Jioni ile ile alikwenda kitandani kwake, akakaa naye mpaka taa zilipozimwa, wakalirudia swali tangu mwanzo. Yule msichana leo anafundisha hesabu sekondari. Yupo hapa, ameniruhusu kusema.

Galois naye hakuwa malaika, kama mlidhani namleta kama malaika. Alifukuzwa chuo kwa kumshambulia mkuu wake gazetini, akafungwa jela kwa siasa, na ulimi wake ulimgharimu. Chevalier alimpenda huyo huyo.

Basi, madaftari. Dada yake aliyakuta kwenye kasha chini ya meza yake ya kazi, yamepangwa kwa mwaka. Ya zamani ni ya tangu sekondari. La mwisho amelitumia mpaka wiki zake za mwisho, na mwandiko wake unaonekana ukizidi kulegea ilhali hesabu ziko imara. Familia imetukabidhi kwa muda, mimi na wenzangu wachache. Tumepiga picha kila ukurasa, pamoja na zile kurasa za njia zilizokufa. Hizo nimeng'ang'ania ziingie. Mmoja wetu alipendekeza tuchague majibu mazuri tu, ipendeze. Nilimwambia hapana, na nimefurahi kwamba Mama naye alisema hapana.

Mwalimu wetu wa hesabu amekubali kuyapitia. Ameanza tayari, na nataka niwe mkweli juu ya anachokiona, ili uvumi usianze. Mengi yaliyomo yanajulikana tayari. Aliyafikia mwenyewe, kama zile nukta. Mengine yana kasoro ambazo mwalimu ameziona, na nyingine marehemu mwenyewe alikwisha kuziandika pembeni. Yapo maswali aliyojiuliza ambayo mwalimu amesema anahitaji muda. Sijasema kwamba tulisoma na Galois. Nasema tulisoma na mtu aliyefikiri kwa uaminifu miaka yote aliyoishi, bila kulipwa na bila kuangaliwa, na ushahidi wake upo kwa mwandiko wake.

Na kuna daftari moja si la hesabu zake. Ni la watoto aliowafundisha jioni. Kila mtoto ana kurasa zake: anachokijua, anachokiogopa, neno gani lilimsaidia kuelewa. Kwa mtoto mmoja ameandika, "Usimwambie sehemu, mwambie kugawana." Kwa mwingine, "Anajua, ila anataka aulizwe kwa upole." Nililisoma hilo la pili nikamkumbuka yule aliyekuwa anatukodolea macho kwa swali la tatu, na nikaona alikotoka mpaka alikofika. Wanaotafuta alikofika, na waanzie hapo.

Ninachowaomba ni kitu cha kawaida kabisa. Mwenye barua yake, karatasi aliyomchorea, picha, hata daftari alilomsahihishia, aje nalo tulipige picha na kumrudishia pale pale. Andikeni nyuma ni mwaka gani na mlikuwa wapi, kwa kuwa tutasahau, msijidanganye. Wenye kumbukumbu za mdomo, zile mbaya na nzuri, dada yake anaziandika. Msilainishe. Nakala moja ya kila kitu itabaki kwa Mama na Baba, nyingine kwa mwalimu, na asili zote zinarudi nyumbani kwao. Na wale watoto wa jioni wameachwa katikati ya muhula. Tunahitaji watu wawili au watatu wa kupokezana. Daftari lao lipo, maelezo yapo, huhitaji kuwa na kipaji. Msichana niliyemtaja ameshajiandikisha. Karatasi iko mezani karibu na mlango.

Naona nimeonyeshwa saa. Dada wa marehemu ndiye anayefuata, na ameniambia mapema kwamba nilivyoieleza ile habari ya bikari sivyo ilivyokuwa. Dada, karibu utusahihishe.